Kwa Bibi Hakufunguliwi Dirisha

"Nani kafungua dirisha langu?"

Fundi Saa alilirudisha haraka, kama mtoto aliyekutwa na kidole kwenye sukari. Nje baridi ilikuwa ya kukata masikio, lakini humu ndani watu walibanana kama vitunguu kikapuni, na shati lake lilikuwa limeshamganda mgongoni.

"Bibi, tunakufa kwa joto."

"Kufa basi, ila ufe ukibishana. Haya, kitabu!"

Kila Jumamosi jioni wapenzi wa hadithi za kisayansi walikutana kwa Bibi. Zamani palikuwa duka, ndiyo maana ukuta mzima wa mbele ulikuwa kioo. Leo walijadili hadithi ya nchi moja ambako kampuni imewafunga watu mita puani, inawauzia hewa.

"Uongo mtupu," alisema Dereva. "Hewa haiuziki."

"Hata maji walisema hivyo hivyo," Muuguzi alimjibu.

Chumba kikanyamaza. Nani asiyelijua bomba la Kampuni? Unaweka kidole gumba, unakunywa papo hapo mlinzi akikukodolea macho, unakwenda zako. Kuondoka na maji, hata funda mdomoni, ni wizi. Na nyuma ya pazia lililogawa chumba alilala mjukuu wa Bibi. Mama yake alikutwa akimpa jirani kikombe cha maji. Akachukuliwa, na bomba likaacha kukitambua kidole cha mtoto.

"Mbona kimya?" Bibi alipiga makofi. "Dereva, unakubali kushindwa kweupe? Mjibu, bwana, tena kwa nguvu!"

Dereva akapaza sauti. Muuguzi naye akapaza ya kwake juu zaidi: maji ni haki, hakuna anayezaliwa na risiti mkononi! Mshona Viatu akamwambia aache ndoto za mchana. Wakapayuka wote kwa pamoja, na Bibi katikati yao akichekelea, akiwachochea huku na huku.

"Kumbe unazipenda hivi hadithi zetu," Fundi alimwambia sikioni.

"Mwanangu, mimi hata kusoma nasoma kwa kudonoadonoa. Nawapenda nyinyi mkisema."

Fundi akasimama. "Jamani, pale ninapofanyia kazi kuna ua mpana, upepo wa bure. Jumamosi ijayo tuhamie huko."

Tabasamu la Bibi likazimika. "Hapana."

"Upate kupumzika, Bibi. Una mgonjwa ndani."

"Nimesema hapana!" Akajifunga khanga upya, akajilazimisha kucheka. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Mnanipa kila mkija, na mkitoka hamjui kama mmetoa."

"Heshima," alisema Muuguzi.

"Kelele!" alisema Dereva, wakaangua kicheko.

"Mmeshindwa. Nipeni mji."

"Mji tuutoe wapi, Bibi, na wote ni wa Kampuni?"

Wakacheka tena, wakanyoosha mikono: wanahamia uani. Bibi hakubishana. Alikuwa akilitazama pazia.

Mlangoni Muuguzi alimvuta Fundi pembeni. "Bila maji mtoto hamalizi wiki. Huyu anaishije?"

"Nilimuuliza Bibi. Akasema anaishi kwa hadithi zetu."

"Maskini. Uzee huo."

Hakufika mbali, Fundi akakumbuka kofia yake. Akarudi, akapiga hodi. Akausukuma mlango.

Kioo kizima kilikuwa kimelowa kwa ndani, matone yakifukuzana kuelekea chini. Bibi alikuwa juu ya kigoda, akipitisha kitambaa cheupe taratibu, toka juu hadi kwenye fremu, asiache kona. Akashuka. Akakikamua kitambaa juu ya kikombe mpaka vidole vikawa vyeupe. Mjukuu akakipokea kikombe kwa mikono miwili.

Fundi alifunga mlango nyuma yake. Akavuta kigoda, akasogeza mdomo mpaka karibu kugusa kioo, akaanza kukisimulia kile kitabu tangu mwanzo.