Maji Kabla ya Kiu

Saa nne asubuhi Zamda, msimamizi wa mafundi cherehani, alipiga makofi kama kawaida yake. Ujanani alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu, na sheria ya barabarani aliileta kazini: maji hunywewa kabla ya kiu. Kila siku vyerehani vilinyamaza, watu wakanyoosha migongo.

Leo havikunyamaza. Tajiri wao, mwenye karakana, alikuwa amesimama mlangoni.

"Dada Zamda, hapa si uwanjani," alisema. "Sare zinatakiwa kesho. Anayetaka kupumzika akapumzike kwake."

"Jamani, mkichoka mtaharibu," Zamda aliwasihi mafundi.

"Tuache, dada," alijibu Tausi, aliyefundishwa kushona na Zamda mwenyewe. "Wewe ulikimbilia medali. Sisi tunakimbiza ugali."

Wenzake wakacheka bila kuinua vichwa.

Kabla ya adhuhuri sindano ikapita kwenye kidole cha Tausi. Akauma meno, akakinyonya, akamaliza mshono. Shati likafika kwa Zamda, ambaye pia ndiye aliyekagua kila sare, likiwa na tone la damu kwenye kola nyeupe.

Akamtazama Tausi. Akamtazama tajiri. Kisha akalikunja taratibu, doa likabaki ndani, bado bichi chini ya kidole chake.