Hodi Mlangoni Pangu

Mume wangu Mbaruku anapumua maji. Vumbi la kiwanda cha saruji lilimharibu mapafu, na siku hizi watu wa namna hiyo hawazikwi. Hulazwa sebuleni ndani ya tangi la kioo, mapafu yamejazwa maji maalumu ya kiwandani yanayobeba hewa. Yu hai, ananitazama. Ila mapafu ya maji hayatoi sauti, kwa hiyo kabla ya kumjaza walimpa dakika chache aache maneno yake kwenye mashine.

"Mama Tunu, sogea azungumze nawe," muuguzi aliniambia.

"Mimi si mgeni," nikamjibu. "Maneno yake awawekee wageni, wasije wakasema nyumba yetu haina adabu."

Mbaruku akazimaliza dakika zake zote kwa wageni. Mtu wa Tanga huyo, kwake mgeni kwanza.

Mwanzoni walikuja wengi, hodi haziishi. Kisha wakaacha. Kutazamwa na mtu aliye majini kuliwanyima raha, na chai yangu ikawa inapoa. Mashine nayo haisemi mpaka isikie hodi.

Jana jioni niliepua chungu, nikajifunga kanga safi, nikatoka nje na kuufunga mlango wangu mwenyewe.

"Hodi," nikaita.

Sauti yake ikaja, changamfu, na kile kikohozi chake mwishoni. "Karibu ndani, karibu uketi. Mama Tunu yuko jikoni, anakuja sasa hivi."

Nikaingia, nikaketi kwenye kiti cha wageni, nikatega sikio jikoni.