Kitone Anafundishwa Kusubiri

Mwasi alikuwa mbwa mdogo kama paka, na mwanawe Kitone alikuwa mdogo zaidi, anaenea kwenye kikombe, kwa hiyo Mwasi alimnyonyesha kila mara asije akaanza kutetemeka.

Jirani yao Tindo, mbwa mkubwa wa kulinda aliyelea watoto tisa, akamcheka.

"Wee Mwasi, huyo ni mtoto au tumbo lenye mkia? Unamdekeza! Wangu nilikuwa nawaacha nusu siku."

"Lakini shangazi, asiponyonya anatetemeka."

"Anakupima huyo. Mwache mpaka jioni, atashika adabu."

Mwasi aliogopa kuambiwa hajui kulea, akajilaza mbali na mwanawe huku maziwa yanamchuruzika. Kitone akatetemeka, akalia, akayumba kama mlevi, na ilipofika adhuhuri akatulia.

"Umeona?" Tindo akasema. "Ameshajifunza."

Mwasi akamkimbilia, akamsogezea titi, akamlamba masikio, akamlamba tena.

"Shangazi, mbona hanyonyi? Wako walipotulia, nao walikuwa wa baridi hivi? Shangazi, niambie, walikuwa hivi?"

Tindo akamnusa Kitone, akashusha mkia, akaondoka.