Mafiga Kando ya Kaburi

Machimbo ya kokoto yalikuwa yamelikaribia kaburi la Mwatumu, mtoto wa pekee wa Bi Siwatu. Afisa ardhi wa manispaa alikunja tepu yake ya kupimia.

"Sheria inakataza kulipua karibu na makazi, mama yangu. Kaburi si makazi."

"Makazi ni nini, mwanangu?"

"Ni pale mtu anapolala na kupika."

Kesho yake asubuhi, Bi Siwatu alitandika mkeka kando ya kaburi, akapanga mafiga, akawasha moto. King'ora cha baruti kikalia. Wachimbaji wakampigia kelele aondoke. Yeye akamimina unga kwenye maji yanayochemka, akaanza kusonga.

"Mwatumu," aliita, kama alivyozoea kumwita kutoka jikoni, "kanawe mikono."