Umbali wa Mkono

Skrini mbili za ukubwa mmoja ziliwashwa mezani, na Fumo, muuzaji, akaionyesha ile ya kulia.

"Nukta zake zimebanana, mama. Huzioni hata ukizitafuta."

Mwanakheri alikuwa mchoraji wa nakshi za kofia. Nukta moja kwenye kioo ilikuwa tundu moja kwenye kitambaa, na hesabu ikikosewa, kofia nzima iliharibika. Alifungua kwenye skrini hiyo ua alilolichora akaanza kuhesabu. Alipofika tundu la ishirini, pumzi yake ilikuwa inatia ukungu kwenye kioo. Mama yake, kabla macho hayajapofuka, alishona hivyo hivyo, pua juu ya uzi.

"Tunaweza kuzikuza," alisema Fumo.

"Ninunue nukta ndogo ili nizikuze?"

Akahamia ya kushoto, yenye nukta kubwa, akanyoosha mkono mpaka vidole vikagusa kioo, akahesabu ua zima bila kuinama.

"Hiyo kingo za ua zinaonekana ngazi ngazi," Fumo alimwonya.

"Hata uzi huenda ngazi ngazi. Nifungie hii."

Fumo akaizima. Mkono wa Mwanakheri ulibaki umenyooka, vidole juu ya kioo cheusi, kama anayemzuia mlangoni mgeni aliyeyachukua macho ya mama yake.