Ruhusa Moja ya Kwenda Nyumbani

Chuo kikuu alichosomea Kokugonza udaktari, kule Lanzhou, kilimruhusu mwanafunzi wa kigeni kwenda nyumbani mara moja tu katika miaka sita. Ili mwanafunzi aichague vizuri safari hiyo, wazazi wake walipewa mashine ya kupima damu, nayo ilitaja tarehe ya kifo cha kila mmoja wao bila kukosea.

Mwaka wa tatu tarehe ya baba ikakaribia. Kokugonza akarudi Bukoba, akamuuguza siku nne, wakamzika.

Asubuhi ya kuondoka, mama yake alimwekea uji, akaketi karibu naye.

"Mwanangu, nilikuficha. Tarehe yangu ni Machi ijayo."

"Mama! Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemwacha baba yako."

"Basi sirudi chuoni."

"Utarudi. Ukiacha masomo, mdogo wako naye hatapokelewa chuoni." Mama akamshika mkono. "Ila nililie sasa hivi, mwanangu, nami nikusikie."

Kokugonza aliinamisha kichwa, akajaribu. Nje gari lilikuwa linapiga honi. Machozi yote alikuwa ameyamalizia kaburini kwa baba.