Njaa ya Latif

"Vunja!" Margret alifoka. "Unangoja mtoto afe, afande?"

Otim, mumewe, askari wa magereza, alishika nyundo bila kuiinua. "Tungoje mwenyekiti wa mtaa."

"Mwenyekiti yuko kwake anakula matoke! Piga!"

Hasifa akajibandika mlangoni pake, akalifunika kufuli kwa mikono miwili.

Tangu ahamie Malukhu, hapa Mbale, kutoka Jinja, mwezi mmoja uliopita, hakuna jirani aliyemwona mwanawe. Walimsikia tu. Asubuhi mama akienda kuuza dukani anafunga, na ndani kilio kinaanza: "Njaa! Njaa!" Margret alikijua kilio hicho. Njaa ya mwaka wa themanini, kule Karamoja, ilimuua mdogo wake mgongoni mwake, na wenye magunia ya nafaka walifunga milango. Leo, mwaka wa tisini na tisa, bado wanafunga!

Yeye hakukaa kimya. Kila mchana alipenyeza kwenye tundu la hewa, chini ukutani, chapati, mandazi, viazi. Vilinyakuliwa gizani kabla hajatoa mkono. Kesho yake akaongeza.

"Amekula, dada, wallahi," Hasifa alilia. "Daktari ndiye aliyempangia kipimo cha chakula. Mimi na baba yake ni watoto wa ndugu, damu yetu ina kasoro. Mtoto amezaliwa hana shibe."

"Shibe inapikwa jikoni, mama, haitoki kwenye damu!"

Majirani wakaguna.

"Kaka yake alikufa hivi hivi. Huyu ana miaka minne tu, niachieni!"

"Kumbe ni wa pili!" Margret akamvuta kwa gauni lake la gomesi hadi chini. "Muuaji! Otim, piga!"

Kufuli likaanguka. Margret akatangulia, kanga mkononi, tayari kubeba mifupa.

"Njoo, mwanangu."

Kwanza ilisikika pumzi, nzito, ya kukoroma. Kisha Latif akajikokota hadi kwenye mwanga, mzito kama mtu mzima, mashavu yamemeza macho, magoti yakitetemeka chini ya tumbo. Akaanguka kizingitini, midomo imegeuka rangi ya majivu.

Hasifa akamtambalia. "Mwezi mzima nampimia kijiko kwa kijiko, na anazidi tu kunenepa! Nani anamlisha? Nani?"

Latif akainua mkono wake mnene, akamnyooshea Margret kiganja.

"Mama Chapati," akasema, akitabasamu. "Leta."